Zana ndogo za intaneti kwa msomaji wa Kiswahili aliyeko Ibra, Sur na Nizwa

Katika miji ya Ibra, Sur na Nizwa nchini Oman zipo familia ambazo Kiswahili ni lugha yao ya nyumbani, ya mizaha na ya kuulizana hali. Kiarabu ni lugha ya msikitini, ya serikali na ya shule. Kiingereza ni lugha ya chuo na ya kazi, hasa kwenye makampuni ya mafuta na mabenki. Mtu mmoja anaweza kupita katika lugha hizo zote tatu kabla chai ya asubuhi haijapoa, wala asihisi kwamba amebadilisha kitu.

Kompyuta haiko hivyo. Mtu huyo huyo anapofungua kivinjari, au brauza kama wengi wanavyoiita, mashine inamchukulia kuwa ni msomaji wa Kiarabu au wa Kiingereza. Kiswahili chake kinapigiwa mstari mwekundu, kana kwamba kila neno amelikosea. Akiandika sentensi ya Kiswahili kwenye ukurasa wa Kiarabu, nukta inaruka na kwenda upande wa pili. Na akitafuta ukurasa aliousoma miaka kumi iliyopita kuhusu mtaa waliokaa wazee wake huko Unguja, anakuta haupo tena.

Makala hii inazungumzia zana ndogo ndogo, karibu zote za bure, zinazoweza kurekebisha mambo hayo. Hazihitaji utaalamu mkubwa. Nyingine tayari zimo ndani ya kompyuta ya msomaji, ila hajawahi kuzibofya.

Kwa nini miji hii mitatu

Msomaji aliyeko Nakuru au Mwanza huenda akashangaa kusikia Kiswahili kinazungumzwa Ibra. Historia yake ni ndefu na hapa tutaigusa tu. Majahazi ya Sur yalikuwa yakishuka na upepo wa kaskazi hadi Lamu, Mombasa na Unguja, na kurudi na kusi. Watu wa Sharqiyah, hasa kutoka Ibra na vijiji vinavyoizunguka, walihamia Afrika Mashariki kwa wingi katika karne ya 19 na nusu ya kwanza ya karne ya 20. Hawakuishia pwani. Walifika Tabora, Ujiji, Bujumbura na hata Kasongo huko Kongo. Baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964, na hasa baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka Julai 1970 na kuwaita Waomani waliokuwa ng'ambo warudi kujenga nchi, wengi walirejea. Wengi walifikia Maskati, lakini jamaa, mashamba ya mitende na makaburi ya mababu yalikuwa Sharqiyah na Dakhiliyah, na mawasiliano hayakukatika.

Waliorudi walikuwa wameelimika kwa Kiingereza na Kiswahili, na baadhi yao Kiarabu chao cha kuandika kilikuwa hafifu. Watoto wao walisoma kwa Kiarabu. Wajukuu wao leo wako vyuoni: Chuo Kikuu cha Nizwa kilichofunguliwa 2004, Chuo Kikuu cha Sharqiyah kilichoko Ibra, na Chuo Kikuu cha Teknolojia na Sayansi Tumikizi, ambacho mwaka 2020 kiliviunganisha vyuo vya serikali vya miji mbalimbali, vikiwamo vya Ibra, Nizwa na Sur. Miongoni mwa wajukuu hao wamo wanaosomea kutengeneza tovuti. Kwa hiyo, ndani ya nyumba moja unaweza kumkuta bibi anayesoma Kiswahili tu kwa raha, na mjukuu anayejua kutengeneza ukurasa wa intaneti lakini Kiswahili anakisikia tu, hakisomi. Zana tutakazozitaja zina manufaa zaidi pale wawili hao wanapokaa pamoja mbele ya skrini moja.

Herufi mbili ambazo wengi huzisahau

Kila ukurasa wa intaneti una mstari mmoja juu kabisa, ambao msomaji haoni, unaoiambia kompyuta ukurasa huo umeandikwa kwa lugha gani. Kwa Kiswahili mstari huo unatakiwa uwe na maneno haya: lang="sw". Msomaji anaweza kuukagua mwenyewe sasa hivi. Fungua tovuti yoyote ya Kiswahili kwenye kompyuta, bonyeza Ctrl pamoja na U, na maandishi ya ndani ya ukurasa yatatokea. Tazama mistari ya mwanzo. Mara nyingi utakuta pameandikwa "en", yaani Kiingereza, kwa sababu aliyeitengeneza tovuti alichukua kiolezo kilichotoka nje na akabadilisha maandishi yanayoonekana peke yake.

Je, kuna hasara gani? Kwa mwenye macho mazima, hasara ni ndogo. Kwa asiyeona vizuri ni kubwa. Mwaka 2006 huko Australia, Michael Curran, ambaye mwenyewe ni kipofu, alianza kutengeneza programu ya bure iitwayo NVDA, inayomsomea mtu kwa sauti yale yaliyoko kwenye skrini. Programu hiyo huja pamoja na mashine ya sauti ya eSpeak NG, ambayo inajua Kiswahili. Sauti yenyewe ni ya kimashine na mwanzoni inachekesha, lakini silabi inazitamka sawasawa. Sharti ni kwamba ukurasa uiambie kwamba hiki ni Kiswahili. Pasipo zile herufi mbili, maneno "mke wake" yatasomwa kwa kanuni za Kiingereza, na "wake" itatoka kama neno la Kiingereza la kuamka. Ukurasa mzima ukisomwa namna hiyo, mzee aliyepungukiwa na nuru ya macho hataambulia kitu.

Mzee ambaye bado anaona kidogo ana njia nyepesi zaidi. Kubonyeza Ctrl na alama ya kujumlisha kunakuza maandishi. Firefox pia ina mwonekano wa kusomea, ambao huondoa matangazo, picha zinazorukaruka na vibonyezo, na kuacha makala peke yake kwa herufi kubwa. Ni zana ya siku nyingi na haina mbwembwe, lakini kama ningeambiwa nichague moja ya kumwekea mzee wa nyumbani, ningechagua hiyo.

Na ule mstari mwekundu? Huo ni ukaguzi wa tahajia, na unatokana na kivinjari kudhani kwamba unaandika Kiingereza. Kwenye mipangilio ya lugha unaweza kukiongeza Kiswahili, na Firefox inakubali kuongezewa kamusi ya tahajia. Kazi ya kuitafutia kompyuta maneno ya Kiswahili ilianza zamani. Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilizindua Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili chini ya mradi wa Kilinux. Kamusi za tahajia zilizotoka miaka ile si kamilifu. Zinatatizwa na vitenzi vyetu, maana kitenzi kimoja cha Kiswahili kina sura nyingi mno za kuorodheshwa moja moja, na hazina maneno mengi ambayo mtu wa Ibra anayatumia kila siku. Lakini maneno yanaongezeka kila unapobofya na kuiambia kamusi ilihifadhi neno jipya.

Ami na mjomba

Tafsiri ya mashine inastahili kusemwa kidogo, kwa sababu ndiyo zana ambayo vijana wa Nizwa na Sur huikimbilia kwanza. Google iliingiza Kiswahili katika huduma yake ya kutafsiri mwaka 2009. Tangu hapo imekuwa bora sana, na mjukuu anayetaka kujua barua ya bibi inazungumzia nini ataipata maana yake kwa jumla.

Hatari iko kwenye maneno ya jamaa. Kiswahili kinatofautisha ami au baba mdogo na mjomba, na Kiarabu nacho kinatofautisha ndugu wa baba na ndugu wa mama. Lugha zote mbili zina maneno mawili. Kiingereza kina moja tu. Kwa miaka mingi tafsiri za mashine kutoka lugha moja hadi nyingine zilikuwa zikipitishwa kwanza kwenye Kiingereza, na hapo ndipo mjomba alipoweza kuingia akiwa ndugu wa mama na kutoka upande wa pili akiwa ndugu wa baba. Kwenye salamu si kitu. Kwenye karatasi ya mirathi ni jambo jingine kabisa, kwani ami ni asaba na anaweza kurithi pale ambapo mjomba hana fungu. Shamba la mitende la Ibra na nyumba ya Ng'ambo, Unguja, vinaweza kugombaniwa kwa neno moja. Kwa hiyo tafsiri ya mashine itumike kusomea, na shughuli za mahakamani na za ukoo zipelekwe kwa mfasiri mwenye kibali.

Nukta inayokimbia

Sasa tufike kwenye tatizo linalowaudhi wengi na ambalo wachache wanajua chanzo chake. Kiarabu huandikwa kutoka kulia, Kiswahili kutoka kushoto. Herufi zenyewe zinajua upande wake. Lakini nukta, mabano, kistari na alama ya kujumlisha hazina upande, zinafuata mwelekeo wa mahali zilipo. Ndiyo maana ukiandika Kiswahili ndani ya kisanduku cha ukurasa wa Kiarabu, nukta ya mwisho inaonekana mwanzoni mwa mstari. Namba ya simu ya Oman, +968, mara nyingi huonekana na alama ya kujumlisha nyuma ya tarakimu.

Tarehe ni mbaya zaidi, kwa sababu hapo kosa halionekani kuwa ni kosa. Ukiandika 12-1-1964 kwa vistari katikati ya sentensi ya Kiarabu, kompyuta inaweza kuipanga ionekane 1964-1-12. Ukitumia mikwaju, yaani 12/1/1964, haigeuki. Sababu ni kwamba kanuni za kimataifa za maandishi ya pande mbili huvichukulia kistari na mkwaju kwa namna tofauti. Kwa tarehe hiyo mtu atajua kilichotokea kwa kuona mwaka. Lakini ikiandikwa kwa tarakimu mbili za mwaka, kwa mfano 5-12-07, hakuna atakayejua ni mwaka gani na ni siku gani. Nasaha yangu ni kuandika mwezi kwa jina lake, hasa kwenye nasaba na kumbukumbu za vizazi na vifo.

Kwa anayeandika tu, dawa iko kwenye kibodi. Katika Windows yenye kibodi ya Kiarabu, shikilia Ctrl na Shift ya kushoto, na kisanduku kitaanza kuandika kutoka kushoto. Ctrl na Shift ya kulia hukirudisha. Katika Firefox hutumika Ctrl, Shift na X kwa pamoja.

Kwa mjukuu anayetengeneza ukurasa, dawa ni maneno machache. Aya ya Kiswahili ipewe dir="ltr" na ya Kiarabu dir="rtl". Pale ambapo hajui mtu ataandika lugha gani, aweke dir="auto", na kivinjari kitatazama herufi ya kwanza yenye upande na kuamua. Na kwa jina la mtu au mji linaloingia katikati ya sentensi, kama vile Ibra (إبراء) au Nizwa (نزوى), ipo tagi iitwayo bdi inayolizungushia jina hilo uzio ili lisivuruge maneno ya jirani. Tagi hiyo haifundishwi sana, na kurasa nyingi za lugha mbili zingepona kwa hiyo peke yake.

Kiswahili kwa herufi za Kiarabu

Lipo jambo linalowahusu watu wa Dakhiliyah na Sharqiyah kuliko Waswahili wengi wengine. Kijana wa Nizwa anasoma herufi za Kiarabu kwa kasi kuliko za Kilatini. Na Kiswahili kiliandikwa kwa herufi hizo kwa karne kadhaa kabla ya serikali za kikoloni kuzileta shuleni herufi za Kilatini. Barua nyingi za zamani zilizomo kwenye masanduku ya familia za Ibra ni za namna hiyo.

Tabu yake ni mbili. Kiarabu hakina herufi za p, ch na v, na kina irabu tatu ambapo sisi tuna tano. Waandishi wa pwani walilitatua hilo kwa kuongeza nukta na alama, kila mji kwa mtindo wake. Mwaka 1997 Mwalimu Yahya Ali Omar wa Mombasa, akishirikiana na P. J. L. Frankl, alichapisha kanuni za uandishi huo kama zilivyotumika Mombasa. Baadaye Kevin Donnelly alitengeneza Andika!, mkusanyo wa zana huria unaowezesha Kiswahili kuandikwa kwa herufi za Kiarabu kwenye kompyuta na kugeuzwa kuwa cha Kilatini, na kinyume chake. Herufi za پ na چ na ڤ zimo katika Unicode, yaani ule mpangilio wa kimataifa wa herufi zote, kwa hiyo kompyuta yoyote ya leo inaweza kuzionyesha. Kibodi ya kawaida ya Kiarabu ndiyo isiyokuwa nazo, na njia rahisi ya kuzipata mbili za kwanza ni kuongeza kibodi ya Kiajemi.

Sisemi kwamba watu waache herufi za Kilatini. Lakini mtoto wa Nizwa anayeona uvivu kusoma ujumbe wa bibi yake kwa Kilatini huenda akausoma mara moja ukiwa kwa herufi alizozizoea.

Zana za fundi

Wanafunzi wa tovuti wanajua ufunguo wa F12, unaofungua karakana ya ndani ya kivinjari. Wasichojua wengi ni kwamba zamani karakana hiyo haikuwapo. Firefox 1.0 ilitoka Novemba 2004, wakati ambapo sehemu kubwa ya dunia ilikuwa ikitumia Internet Explorer 6 ya mwaka 2001. Mafundi walikimbilia Firefox kwa sababu ilikubali viongezo. Chris Pederick alitoa kiongezo cha Web Developer, na mwaka 2006 Joe Hewitt akatoa Firebug, ambacho kilimwezesha fundi kubofya sehemu yoyote ya ukurasa, kuona imejengwa vipi na kuibadilisha papo hapo. Firebug kilistaafu mwaka 2017, kwa sababu vivinjari vyote vikubwa vilikuwa vimekwisha kuiga kazi yake. Internet Explorer yenyewe ilifungwa Juni 2022.

Msomaji wa kawaida anaweza kuitumia karakana hiyo bila kuogopa, kwani anachobadilisha hubadilika kwenye skrini yake tu. Kwa mfundi, mambo mawili yanatosha hapa. La kwanza, atazame ukurasa katika upana wa simu (katika Firefox ni Ctrl, Shift na M), maana jamaa wa Sur na wa Unguja wengi watausoma kwenye simu. La pili, faili zihifadhiwe kwa mfumo wa UTF-8. Mhariri wa bure kama Notepad++ huonyesha mfumo wa faili chini ya dirisha.

Hilo la pili linatuhusu kuliko tunavyodhani. Watu husema Kiswahili hakina matatizo ya herufi kwa kuwa kinatumia a hadi z. Kweli, ila tuna ng'. Ukurasa ukichanganya mifumo, ng'ombe hugeuka ngâ€™ombe, na Ng'ambo huharibika vivyo hivyo. Kurasa za Kiarabu za miaka ya 1990 na 2000 huharibika zaidi, nyingi ziliandikwa kwa mfumo wa Windows-1256 na leo baadhi hufunguka zikiwa alama tupu. Firefox ina amri ya kurekebisha usimbaji wa maandishi kwenye menyu yake, na mara nyingi inatosha kubofya mara moja maandishi yakarudi.

Kuna zana moja ambayo watu huulizia sana na hapa hatuielezi: VPN. Nchini Oman matumizi yake yana masharti ya kisheria, na anayeihitaji kwa kazi yake aulize kwanza Mamlaka ya Udhibiti wa Mawasiliano, TRA.

Kurasa zinazokufa

Nimeliacha hili mwisho kwa sababu ndilo zito kuliko yote. Mwaka 1911 Abu Muslim al-Bahlani, mshairi na mwanachuoni mwenye asili ya Wadi Mahram upande wa Samail, katika Dakhiliyah, alianzisha gazeti la An-Najah huko Zanzibar. Mwaka 1929 likaanza Al-Falaq, ambalo liliendelea hadi enzi za mapinduzi. Gazeti la karatasi likifa, nakala zake hubaki makabatini na kwenye nyumba za nyaraka. Mtafiti wa leo anaweza kuzitafuta.

Ukurasa wa intaneti ukifa hauachi kitu kabatini. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na miaka ya 2000, Waswahili waliotawanyika Oman, Dubai, Uingereza na Kanada walijenga kurasa zao: nasaba, picha za harusi za Unguja, mapishi, majina ya waliofariki, mijadala ya historia yenye kuumiza. Nyingi ziliwekwa kwenye huduma za bure. Kubwa kati ya huduma hizo duniani, GeoCities, ilifungwa Oktoba 2009, na mamilioni ya kurasa za watu wa kila taifa zikaondoka nayo. Nyingine zilitoweka kimya kimya, kwa sababu mwenye tovuti alifariki na hakuna aliyelipia jina la tovuti mwaka uliofuata.

Baadhi zinaweza kupatikana. Maktaba ya Internet Archive huko San Francisco imekuwa ikinakili kurasa tangu 1996, na mwaka 2001 ilifungua Wayback Machine ili kila mtu aweze kuzitazama. Unaandika anwani ya zamani ya tovuti, na kalenda inakuonyesha siku ambazo nakala zilichukuliwa. Kwa hiyo kama msomaji ana barua pepe ya zamani, au daftari lenye anwani ya tovuti iliyokufa, asilitupe. Bila anwani ni vigumu sana kuupata ukurasa. Tangu 2013 mtu yeyote anaweza pia kuiomba Wayback Machine inakili ukurasa ulio hai, kwa kubandika anwani yake na kubofya mara moja.

Picha na sauti ni bahati nasibu. Nakala huchukua maandishi na mara nyingi huacha picha kubwa. Kurasa zilizotumia Flash zilikufa rasmi mwisho wa 2020 teknolojia hiyo ilipositishwa, ingawa programu ya bure ya Ruffle inaweza kuzifufua nyingi. Faili za sauti za RealAudio, ambazo idhaa nyingi zilizitumia miaka ile, mara nyingi hucheza kwenye VLC.

Wala maktaba moja haitoshi. Oktoba 2024 Internet Archive ilishambuliwa na wadukuzi, na kwa siku kadhaa Wayback Machine haikupatikana. Ndiyo maana inafaa kuweka nakala ya nyumbani. Kwa ukurasa mmoja, kiongezo cha SingleFile hukusanya maandishi, picha na mpangilio wote na kuviweka ndani ya faili moja, inayofunguka baadaye bila intaneti. Ni bora kuliko kuuchapa ukurasa kuwa PDF, maana PDF hukata kurasa vibaya na maandishi ya lugha mbili wakati mwingine hutoka yamevurugika ukijaribu kuyanakili. Kwa tovuti nzima ipo HTTrack, ya tangu 1998, inayofuata viungo kimoja baada ya kingine na kushusha kila inachokikuta. Hiyo itumike kwa adabu. Isiachwe iende kasi hadi kuilemea seva ya mwenyewe, na kama mwenye tovuti yu hai, aombwe ruhusa kwanza. Picha za harusi zina wenyewe, na bibi harusi wa mwaka 1962 huenda bado yuko Sur na hapendi picha yake izunguke.

Jambo la mwisho ni jina la faili. Faili iitwayo "ukurasa1" haitamsaidia mtu baada ya miaka 20. Iitwe kwa mada, anwani ya tovuti na tarehe iliponakiliwa, mwaka ukitangulia ili mafaili yajipange yenyewe kwenye folda. Ndani ya folda hiyo hiyo iwekwe karatasi ya maelezo kwa Kiswahili na Kiarabu: nani kwenye picha, mtaa gani, nani aliyeeleza. Bibi aseme, mjukuu aandike. Kisha folda yote inakiliwe kwenye diski mbili, moja ibaki Ibra na nyingine ipelekwe kwa jamaa walioko Unguja.